Malalamiko ya Baba Aliyefanywa Ukuta

Kwa Mwalimu wa Chekechea,
Darasa la watoto wadogo.

Kuhusu: Kutumiwa kwangu kama kifaa cha ujenzi katika michezo ya watoto bila ridhaa yangu

Mwalimu wetu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini u mzima wa afya na sauti bado haijakukauka. Mimi si mzima. Shingo imekaza, mkono wa kulia haupandi juu ya bega, na heshima yangu nyumbani imeshuka hadi usawa wa zulia. Chanzo cha yote ni karatasi uliyowapa watoto walete nyumbani, ile yenye kichwa kisemacho "Shughuli rahisi za ubunifu za kufurahia na mtoto, ndani na nje ya nyumba". Rahisi! Mwalimu, nimewahi kupandisha zege ghorofa ya nne kwa ndoo na kamba, na sikuchoka namna hii.

Ili unijue: mimi ni baba wa yule binti asiyenyamaza, ambaye hata ninyi hapo shuleni nasikia mnamwita Chiriku. Hujawahi kuniona kwa sababu naondoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurudi likiwa limeshalala. Kazi yangu ni usimamizi wa ujenzi. Mafundi wananiita Timazi, jina la ile risasi inayoning'inizwa kwenye uzi kupimia kama ukuta umesimama wima, kwa kuwa mimi nikiutazama ukuta kwa jicho moja tu najua umeinamia wapi. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili uelewe, tutakapofika mbele, uchungu wa mtu kama mimi kuambiwa kwamba ameinama.

Kwa sasa saiti yetu imesimama, ramani zimerudishwa kwa mhandisi zikarekebishwe. Kwa hiyo nipo nyumbani. Nilidhani nitanyoosha miguu, ninywe chai ikiwa ya moto kama watu wengine. Ndipo karatasi yako ikabisha hodi. Malalamiko yangu ni haya:

1. LUGHA YA KARATASI

Mwalimu, uliandika hivi, na hapa nanukuu neno kwa neno: "Mtoto azunguke nyumbani na achague mwenyewe kitu chochote ambacho kwa sasa hakina kazi, kisha akitumie kubuni mchezo."

Ulikuwa na maana ya maboksi, najua. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea sebuleni, na ndiye aliyeisoma karatasi kwa sauti huku anapiga upindo. Chiriku akachukua kapu akaanza kuzunguka. Akaokota soksi iliyofiwa na mwenzake. Akaokota vifuniko vya chupa, vipande vya vitambaa chini ya cherehani, boksi la feni. Kisha akasimama katikati ya sebule, akatazama huku na huku kama mnunuzi anayejua anachokitaka, na macho yake yakatua juu yangu nilipokuwa nimejilaza kwenye kochi. Akaja, akanishika kidole, akamuuliza mama yake: "Na hiki je?"

Mama yake alicheka mpaka uzi ukakatika. Mimi nikangoja akanushe. Hakukanusha! Alichosema ni kwamba, kwa sasa, kweli hakina kazi.

Hivyo ndivyo nilivyoingizwa kwenye orodha ya vifaa, kati ya soksi na boksi la feni. Naomba toleo lijalo la karatasi lieleze waziwazi kwamba mzazi aliyesimamishiwa saiti si kitu kisicho na kazi. Ni mtu aliye katika mapumziko.

2. UCHORAJI WA MKAA UANI

Karatasi ilisema mtoto achore kwa mkaa kwenye sakafu ya uani "chochote kinachomjia moyoni". Kilichomjia ni nyumba. Haya, nikasema, hapa sasa tumefika kwangu. Nikachuchumaa kando yake.

Mwalimu, mlango ulikuwa juu ya dirisha. Ngazi hakuna. Paa limeelea peke yake angani, halikugusa ukuta hata mmoja. Nikamuuliza kwa upole kabisa wenye nyumba wataingiaje. Akasema wataruka. Sasa mimi nifanyeje? Nikubali? Nimeshasimamisha kazi za watu wazima kwa makosa madogo kuliko hayo. Nikachukua mkaa kidogo tu nirekebishe mlango, na mlango ukiurekebisha lazima uguse na ukuta, na ukuta nao una msingi wake. Nikaingia ndani kuleta tepu.

Nilipoinua kichwa, mtoto hayupo. Nilikuwa peke yangu uani, magoti meusi, nachora mfumo wa maji taka. Jirani muuza mkaa akachungulia juu ya ukuta, akanipa pongezi, akauliza kama tunaongeza vyumba. Nikamjibu kwamba nacheza na mtoto. Akauliza mtoto yuko wapi. Nikaendelea kupima.

3. UJENZI WA UDONGO

Hapa nakiri sikujitendea haki. Shughuli ilisema: "Jengeni nyumba ndogo ya udongo kwa ajili ya mdudu au mnyama mdogo." Chiriku tayari alikuwa na konokono wake kwenye kikombe. Akafinyanga udongo vizuri tu kwa mikono yake miwili, akanionyesha. Nikaubonyeza, nikamwambia maji yamezidi na mchanga ni mchache. Akafinyanga tena. Nikamwambia matofali haya yaanikwe kivulini wiki nzima, yasipasuke.

Akaniuliza: "Sasa konokono leo atalala wapi?"

Katika miaka yangu yote ya kujenga sijawahi kuulizwa na mteja swali la busara kama hilo. Lakini badala ya kulijibu nikaanza kumweleza kuhusu nyufa. Mjomba wake akapita, akachomeka vijiti, akatupia jani juu, konokono akaingia. Hakuuliza msingi. Mpaka naandika barua hii bado yumo, na ile nyumba imeinama upande wa kushoto kiasi kwamba nikipita naangalia pembeni.

4. MJOMBA

Mwalimu, huyu mjomba lazima tumjadili.

Ni mdogo wake mke wangu, kinyozi, kibanda chake kiko mtaa wa pili. Mchana wateja wakipungua anakuja kwetu "kusalimia". Ni kijana mwema, sina kinyongo naye. Nina kinyongo kidogo. Mtu huyu, asiyejua hata kushika pimamaji, ndani ya siku moja nyumbani kwangu amekuwa daktari, simba, bibi harusi na mwizi wa kuku. Ameshakufa na kufufuka mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Anaanguka chini puu, na nguo zake za kazini, Chiriku anampaka dawa ya majani usoni, anaamka anapiga chafya, na mtoto anacheka mpaka anashika tumbo. Kicheko hicho mimi nakisikia kutoka jikoni. Mimi sijawahi kumtoa hata kimoja.

Nikaamua nami nijaribu. Nikatangaza kwamba leo simba ni mimi. Chiriku akakubali, mjomba akapisha. Nikakaa sawa, nikamuuliza mtoto simba anaanzia wapi, anaishia wapi, na akimkamata mtu afanyeje. Akanitazama kwa huruma, akasema: "Simba haulizi."

Nikanguruma. Mke wangu akatoka mbio na sindano mkononi kuuliza nimeumia wapi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nimecheza kwangu, nimetundikiwa shuka. Maelezo ya shuka yanafuata.

5. MCHEZO WA BABA NA MAMA

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mengine yote ningeyameza.

Karatasi yako, mwishoni kabisa, ilisema: "Tengenezeni nyumba ya boksi na shuka, kisha mtoto aigize maisha ya nyumbani." Boksi la feni likafunguliwa uani, shuka likaletwa, Chiriku akawa mama, na mwanasesere wake wa vitambaa akawa mtoto. Mjomba akawa mama mkubwa aliyekuja kukaa bila kusema ataondoka lini, na aliifanya vizuri mno, mke wangu alimtambua mhusika papo hapo.

Nikajua zamu yangu imefika. Mchezo unaitwa baba na mama, Mwalimu. Mama yupo. Iliyobaki ni nafasi moja, na sifa zote ninazo: nina mke, nina mtoto, nina kitambi. Nikasogea, nikasema: "Haya, baba nimekuja."

Chiriku akajibu bila hata kugeuka: "Baba yuko saiti."

Nikamwambia hapana mwanangu, leo baba yuko hapa, tazama. Akatazama. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyefika ofisini siku ya mapumziko, kwamba baba huwa yuko saiti na anarudi watoto wakiwa wamelala. Kisha, kwa kuwa upande mmoja wa shuka ulikuwa unaanguka, akanipa kona yake nishike. Akasema: "Wewe ni ukuta."

Nikafungua mdomo kukata rufaa. Akasema: "Ukuta hausemi."

Nikasimama. Mkono juu, shuka kichwani, pua inawasha na hakuna wa kuikuna. Baada ya muda akatoka nje, akanitazama kwa jicho moja, lile jicho langu mwenyewe, akasema nimeinama. Mimi! Mjomba alilazimika kutoka nje kucheka.

Wanasema kuta zina masikio. Nathibitisha, na naongeza kwamba masikio hayo yanauma. Maana nikiwa ukuta nilisikia yote. "Msipige kelele, baba atakuja amechoka." "Usimwonyeshe baba sasa hivi, ngoja ale kwanza." "Lala, utamwona Jumapili." Anasema huku anampigapiga mwanasesere mgongoni, kwa sauti ya mama yake kabisa, bila hasira na bila masikitiko, anasema kama mtu anavyosema leo kuna jua. Iliniuma, Mwalimu. Sitaki kuficha. Nilimwonea wivu kinyozi, nikamwonea wivu konokono, na hapo nikamwonea wivu hata yule baba wa saiti, ambaye angalau alikuwa anatajwa.

Wahenga walitwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema utakuwa ukuta.

6. HALI YA AKINA BABA WENGINE

Nilidhani ni aibu yangu peke yangu, nikafanya uchunguzi mtaani. Kumbe tatizo ni la kitaifa. Mume wa yule jirani muuza mkaa, dereva wa lori, alipokuwa nyumbani lori likitengenezwa, alitumika kama daraja. Magari ya vifuniko yalipita juu ya mgongo wake mchana kutwa na moja likapata ajali. Mlinzi wa usiku wa nyumba ya kona, kwa kuwa mchana analala, watoto wake wamemfanya mlima. Wameshampandia, wakachomeka bendera. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa baba.

Tumekaa kikao kwenye karakana ya mwashi wa mtaani, tumeunda Umoja wa Akina Baba Vifaa. Mimi ndiye mwenyekiti kwa kuwa ukuta ndio unaobeba wengine. Kwa pamoja tunadai yafuatayo:

(a) Kila mchezo wa baba na mama uwe na baba aliyepo, anayeonekana, na anayeruhusiwa kusema walau sentensi moja kabla ya chakula.

(b) Nafasi ya baba itangazwe wazi, waombaji wasailiwe na mtoto akiwa ameshiba na amelala vya kutosha.

(c) Mjomba yeyote asishike zaidi ya nyadhifa mbili kwa siku. Ubibi harusi asipewe kabisa, unampa kichwa.

(d) Baba atakayeendelea kutumika kama ukuta, daraja au mlima apewe muda wa kujikuna.

(e) Chekechea ianzishe darasa la jioni la akina baba, tufundishwe kuanguka puu. Tumejaribu wenyewe kwenye kikao, dereva akateguka kiuno.

Tusiposikilizwa tutapanda ngazi: kwa mwalimu mkuu, kwa ofisi ya elimu, hadi wizarani. Tukikosa haki huko, tutagoma, na mgomo wa kuta unajulikana ulivyo. Tutaanguka wote siku moja. Mashuka yote yatashuka, watoto watakosa nyumba za kuigiza, watarudi ndani kukodolea televisheni, watakua bila ubunifu, watakuwa wasimamizi wa ujenzi kama mimi, nao watarudi nyumbani watoto wao wakiwa wamelala, na watoto hao watacheza baba na mama bila baba. Tazama mwenyewe mambo yanakoelekea. Utaulizwa wewe, Mwalimu, na karatasi yako.

Nisingependa tufike huko. Wewe ni mtu wa watu, na nakiri kwamba yale maumbo ya majani uliyoelekeza yapakwe rangi na kugandamizwa kwenye karatasi yalitoka mazuri. Sikushiriki. Niliyapanga tu kwa ukubwa, na nikaombwa niondoke.

Nisalimie mwalimu mkuu, mwalimu wa zamu, na mama anayewafungua watoto vifungo wakienda msalani, kazi yake naiheshimu zaidi kila siku. Msalimie mlinzi wa lango. Na yule mtoto ambaye Chiriku anasema analia langoni kila asubuhi baba yake akiondoka, mpe salamu za pekee kutoka kwangu. Mwambie anaonekana ni mtoto mwenye akili.

Nakushukuru kwa subira, na nangoja jibu lako nikiwa nimesimama wima,

Timazi,
Baba (cheo kinachobishaniwa),
Mwenyekiti, Umoja wa Akina Baba Vifaa.

Nyongeza: Mwalimu, naomba barua hii usiifanyie kazi. Nilikuwa nimeshaikunja nilipopigiwa simu: ramani zimepita, kesho alfajiri tunaanza. Mawingu yalikuwa yamekusanyika, nikatoka uani kubomoa nyumba ya boksi isiloe. Ndani, kwenye kona ya nyuma kabisa, ambako ukuta hauwezi kuona, nikakuta kifuniko cha mkebe wa rangi kimejaa udongo uliofinyangwa tonge tonge, kimefunikwa kwa jani pana. Nikalifunua. Chiriku akaja mbio: "Wee ukuta! Rudisha! Hicho cha baba!" Nikauliza baba gani. Akasema, "Baba yangu. Anachelewa, lakini tunamwekea." Nikauliza tangu lini. Akasema kila siku, kila wanapocheza, hawali mpaka wamtolee chake kwanza. Mwalimu, nimejenga nyumba nyingi na nimeshindwa kuona kilichokuwa ndani ya hii. Baba yumo kwenye mchezo, yumo tangu mwanzo, na ana chakula chake. Nimelirudisha jani taratibu, kingo kwa kingo, na boksi sikulibomoa, nimelifunika kwa turubai langu la saiti. Madai yote, kuanzia (a) hadi (e), nayafuta, na mjomba awe bibi harusi anavyotaka. Kisha nimempigia mhandisi nikamwambia kesho nitafika kama kawaida, ila jioni nitatoka mapema, jua likiwa bado juu, na kesho kutwa vilevile. Akauliza kwa ukali kuna nini nyumbani. Nikamwambia nimewekewa chakula, kinapoa.